Mwiba wa Kujidunga

Quellón, kusini kabisa mwa Chile,
mnyama huyu wa mwambani wanamwita kwa jina la kalunguyeye.
Hawakukosea: duara, kimya,
na hasalimiwi kwa kiganja.

Julai. Maji ya kijani, baridi ya kung'oa meno.
Nashuka na mpira wa hewa mdomoni;
juu, kompresa inakohoa kama baba.

Namkuta ametulia.
Kivuli changu kinamfikia kabla ya mkono,
na miiba yote ya upande ule inageuka,
kila mmoja kwenye kiungo chake, mfano wa bega,
mamia ya mabega yakiniuliza: nani wewe?
Katikati yake, vikoleo vidogo vinafumba na kufumbua
vikimngoja atakayepenya.
Hana macho. Hana mbio.
Ana jibu moja tu, kalirudia mwili mzima.

Kiti cha pweza analijua jibu hilo wala haliogopi:
humlalia taratibu, kama deni.
Nami nina kulabu.

Nyumbani, Celedonio Chiguay,
aliyezamia miaka thelathini
hadi siku moja akapanda juu upesi mno
na miguu ikabaki kulekule chini,
ameketi kando ya jiko la kuni.
"Umechelewa. Umebeba wadogo. Kisu hicho butu."
Simjibu. Nimezoea kumshika kwa pembeni.

Napasua mmoja. Nusu mbili mezani,
ndimi tano za rangi ya chungwa,
na miiba bado inatembea,
bado inakielekea kisu,
inalinda nyumba isiyo na mlango tena.

Ndani, kaa mdogo,
laini kama ukucha wa mtoto mchanga.
Hana gamba la maana:
umri wote ameishi kwa miiba ya mwenziwe.

Wazamiaji wengine humtafuna akiwa hai, wakicheka.
Baba anamtia kwenye bakuli la maji ya chumvi.
Anamtazama kitambo.
Kisha, bila kunigeukia: "Lete kidole."

Sikuwa nimemwambia.
Ulinivunjikia gumbani, ncha haionekani.
Anapitisha sindano motoni.
Mkono unaomwaga chai kila asubuhi
haukutetemeka.

"Mwiba wa kujidunga," anasema,
methali asiimalizie.
Pole hakunipa.
Ila kidole hakukiachia
mpaka kuni zikawa majivu.