Mstari wa Hillar

Kila siku ya tisa, pengine ya kumi na moja,
seva ya ghala la nafaka kule Valga inaanguka.
Inaanguka kama mtu aliyesikia jina lake
akageuka, akakuta anayeitwa ni mwingine.

Nimebaki ofisini, Tartu, saa nane za usiku.
Mto umeganda. Mtu anamtembeza mbwa juu ya barafu.
Kerttu ameniachia supu ya njegere kwenye mkebe
na kikaratasi: "Leelo, ule. Kidudu hakihami."

Hakihami, kweli. Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii ina mistari elfu thelathini na ushei.

Nasoma alichokitapika kiini kabla ya kuzimika:
anwani ndefu, tarakimu zimesongamana na herufi,
na pale palipotakiwa kuwa na pakiti
pana bei ya shayiri,
pana nusu ya jina la dereva.
Kumbukumbu ilikwisha kurudishwa, ikapangishwa upya,
nasi tungali tunaingia bila hodi,
tunafungua makabati ya watu.

Nani aliondoka na ufunguo?

Siku tatu namsaka. Nikitega mitego, kimya.
Nikitegua, seva chini.
"Anakuogopa," anasema Kerttu, anacheka.
Mimi sicheki.

Hadi usiku huu, supu ikipoa, ndipo nikaona.
Ujumbe mrefu husafiri vipande vipande.
Waliotangulia hukaa foleni, huwangoja wenzao.
Saa huhesabu sekunde thelathini;
zikiisha, wote nje, chumba kirudi kwa mwenyewe.
Lakini pana kufumba na kufumbua
ambapo kipande cha mwisho kinabisha mlango huu
na saa inagonga mlango ule,
kila mmoja na kichakataji chake,
kila mmoja na haki yake.
Kufuli limeachiwa mstari mmoja mapema.
Mmoja tu.

Naiuliza historia: mwandishi nani?
Hillar Roosaare. Miaka kumi na miwili nyuma,
Novemba, saa tisa na dakika nne za usiku.
Na juu ya mstari, maelezo yake:
"Hapa hapawezi kuwa na mtu."

Hillar, aliyekunywa chai kwa bikari ya maabara.
Hillar, aliyesahau glavu zake kila ofisi.
Tulimzika Machi; ardhi ilikuwa ngumu
hata wachimbaji wakaleta mashine,
na sote tukasimama tukisikiliza injini.

Tiba ni fupi. Kabla ya kuachia kufuli,
ongeza moja kwenye hesabu ya wanaoshika.
Kitu kisizikwe
kungali na mkono uliokishika.

Naandika. Najaribu. Pakiti milioni nne,
vipande nimevichelewesha makusudi;
seva imesimama wima.
Imebaki kubonyeza.

Ila nikibonyeza, mstari huu utabeba jina langu.
Historia itasema: Leelo, Februari.
La Hillar litazama chini, wanakofika wapekuzi tu.

Nakula supu. Ya baridi, chumvi imezidi.
Mtu na mbwa wameshavuka.

Maelezo yake siyafuti, nayarekebisha:
"Hapa huenda pana mtu."

Kisha nabonyeza.
Nimeandika ukutani: siku ya tisa ni Alhamisi.