Mguu wa Kushoto

Jumamosi, saa tatu kasoro, Dundee.
Umande umeganda kama chumvi juu ya nyasi.
Shakwe wametangulia uwanjani,
wanatembea kama marefa wasiolipwa.
Napanga koni kumi na mbili. Moja imepasuka
tangu mama yake Struan alipoikanyaga kwa gari.

Wanakuja wakiburuta mabegi: Struan, Eilidh,
Jaroslav na soksi zake zisizofanana,
Ikram, skafu imefungwa kisogoni fundo gumu,
na Murdo, miaka tisa, mrefu kuliko wote,
ambaye kocha mwingine angemsimamisha beki ya kati
na kumfundisha neno moja: butua.

Samaki mkunje angali mbichi, walituambia.
Asubuhi hii ya Februari samaki wote wameganda.

Namwambia Murdo: tuliza kwanza.
Upokee kama unavyopokea yai
kutoka kwa mtu usiyemwamini.
Tazama nyuma yako kabla haujakufikia,
mpira hauna macho, wewe unayo.
Anautuliza kwa kulia. Daima kulia.
Kushoto anakutumia kwa kusimamia tu,
kama mguu wa meza.

Pembeni wazazi wameshika vikombe vya chai.
"Piga mbele! Piga!"
Huyo ni babu yake, mzee Abercrombie,
miaka thelathini bandarini,
anajua kitu kizito huondolewa haraka.
Namwelewa. Ndiyo maana simjibu.

Wiki nne zilizopita tulifungwa tisa, bila.
Manne tulijitengenezea wenyewe
kwa pasi fupi mbele ya goli letu,
pale ambapo mwenye akili angebutua.
Usiku simu ikalia, ujumbe wa mzazi:
"Kocha, watoto wanataka kushinda."
Niliandika jibu refu, nikalifuta.
Nikaandika jingine, nikalifuta.
Mwisho nikatuma: "Na mimi."

Nikisema "kwetu Tanga", wanasubiri
hadithi ya mpira wa makaratasi.
Sinayo. Wetu ulikuwa wa ngozi, mali ya shule,
na mwalimu Mhina alitufunga leso mguu wa kulia
ili anayeutumia aonekane hadi barabarani.
Niliichukia leso ile.
Ilinipeleka timu ya mkoa.

Nikawasimulia hiyo, wakacheka, wakasahau.

Alhamisi iliyofuata, mazoezini,
mzee Abercrombie akashuka garini
na gambuti moja kwapani, la kijani, namba kumi na moja.
Hakusema kitu. Akampa mjukuu wake,
akarudi kusimama mahali pake.

Murdo akalivaa kulia. Lilimfika gotini.
Akipiga nalo, linatoka lenyewe, linaruka mbele ya mpira,
Eilidh kalala chini kwa kicheko.
Basi ikabaki kushoto.
Mara ya kwanza mpira ukampita.
Mara ya kumi ukampita polepole zaidi.
Giza lilipoingia, taa za uwanja zikawaka moja moja,
na mimi nikaacha kuhesabu.

Leo mechi. Dakika ya ishirini,
mpira unamjia Murdo, wawili wanamkimbilia,
goli letu liko hatua sita nyuma yake.
Namwona babu anafungua mdomo.
Anaufunga.

Kushoto. Akautuliza, ukalala.
Mwili ukaenda huku, mpira ukaenda kule,
wale wawili wakapishana kama milango,
na pasi ikamkuta Ikram mguuni.

Ikram akanyang'anywa. Tukafungwa.
Siwezi kusema uongo: bao la tatu lilianzia hapo.
Mechi iliisha tatu kwa moja,
na watoto walibishana njia nzima hadi kwenye magari
ni nani aliyeona chenga ile vizuri zaidi.

Nakusanya koni. Uwanja umebaki na shakwe.
Kule maegeshoni, mzee Abercrombie, akidhani yuko peke yake,
anaisogeza kokoto kwa ncha ya kiatu,
anapiga kwa kushoto.

Anakosa.
Anarudi hatua mbili, anatazama nyuma yake kwanza.