Miguuni pa Ukurasa

Saa kumi alasiri, Tartu, na tayari giza.
Theluji imepanda hadi kioo cha chini cha dirisha.
Mezani kurasa mia tatu na arobaini
za marehemu Uku Soonpää, mwalimu wa vinamasi,
na barua ya Tarvo wa kiwanda cha chapa,
kavu kama kawaida yake:
*Tanbihi zote ukubwa wa tisa.
Namba ya chini isielee; ikae mstarini, ifuatwe na nukta.
Mstari wa pili uingie ndani milimita nne.
Jumatatu.*

Nilianza kwa mkono, moja moja.
Nikinyoosha hii, ile inapinda.
Kufika ya thelathini, chai imefanya utando
na mimi nimeanza kuisemesha kompyuta kwa jina la mume wangu wa zamani.

Kumbe kuna mlango mmoja tu wa kubishia:
mtindo. Uguse huo,
na tanbihi mia nne zinageuka pamoja
kama darasa lililosikia kengele.

Ila namba.
Niliishusha, ikashuka kotekote,
hata kule juu, ndani ya matini,
na kinamasi chenye kina cha mita 3, tanbihi ya 14,
kikawa kinamasi cha mita 314.
Uku angecheka hadi akohoe.
Nikarudi nyuma, nikatafuta, nikaelewa:
namba ni mbili, na kila moja ina mtindo wake,
ya juu inayoita
na ya chini inayoitika.
Ya juu nikaiacha ielee. Ya chini nikaiketisha.

Kisha ule mstari mwembamba
unaowatenga wenye nyumba na wapangaji:
theluthi ya upana, unene nusu pointi, kushoto.
Nikaupima mara tatu. Sijui kwa nini mara tatu.

Uku alikuwa akituambia, buti zikizama,
kwamba mboji husomwa kuanzia chini;
chavua ya kale kabisa imelala pale
ambapo mti wa kuchimbia unagoma.
Tulidhani anazungumzia mboji.

Tanbihi ya 212:
*Vipimo vya kiangazi cha 1971 vilichukuliwa na Salme Kõiv.
Alibeba mti wa kuchimbia peke yake, mita nane kwa vipande,
akiwa na mimba ya miezi saba, kwa sababu nilikuwa naumwa.
Jina lake halimo katika ripoti.
Ripoti niliiandika mimi.*

Kwa ukubwa wa tisa haikutosha.
Programu ikaikata bila haya:
jina lake ukurasa wa 187,
*halimo* ukurasa wa 188.

Nikainuka. Nikaosha kikombe kilichokuwa safi.
Nikahesabu: mtoto yule sasa amevuka hamsini,
yuko mahali fulani, analipia umeme,
hajui kwamba aliwahi kuvuka kinamasi cha Valgeraba
kabla hajawa na miguu.

Nikarudi, nikaunda mtindo mpya.
Programu inadai jina kabla ya yote.
Nikaandika: Salme.
Fonti ileile ya matini. Ukubwa wa kumi na moja,
sawasawa na mwenye nyumba.
Usikatwe baina ya kurasa: ndiyo.
Mistari sita ya Uku ikasukumwa mbele kumpisha,
na mchoro wa 40 ukahama kwao.

Jumatatu, saa mbili na robo, Tarvo:
*Ukurasa wa 187 umevimba mguu. Ni kosa?*

Nikamjibu kwamba kosa lipo, ni la zamani,
ni mwiba wa mwaka sabini na moja,
na kwamba asiguse.

Hajajibu mpaka sasa.
Nje wanakwangua theluji njiani,
na koleo likifika kwenye jiwe
linatoa sauti.