Njia ya Saba

"Diski imejaa," ilisema skrini,
na mimi, mtunga muziki wa vikaragosi vya mbao,
nikaipiga kompyuta kofi dogo la shavu
kama mtu anayemwamsha mlevi.

Nilifuta filamu nne. Nikafuta
picha za harusi ya Eteri, zile zenye giza,
halafu na zile zenye mwanga, kwa kuwa Eteri mwenyewe
alishaachana na yule bwana.
Nikamwaga pipa la taka. Nikashusha pumzi.
Asubuhi Kutaisi ilikuwa na ukungu hadi dirishani,
na diski imejaa tena, pomoni.

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
lakini kibaba changu kilijazwa na nani
usiku, nimelala, mlango una komeo?

Nilizituhumu ngoma. Nilikuwa nimenunua
ngoma za mtu wa Hamburg, kila pigo
limerekodiwa mara arobaini,
kwa kijiti, kwa brashi, kwa kiganja,
gigabaiti sitini za kishindo.
Nikazing'oa. Mchezo wa mbweha na kinu
ukabaki bila radi.
Kesho yake: imejaa.

Beka, mpwa wangu, alipiga simu kutoka Gdansk,
anatafuna kitu, nyuma yake tramu inagonga kengele.
"Mjomba, acha kufuta kwa hasira.
Panga kwa ukubwa. Kubwa litangulie."
Nikapanga. Folda ndani ya folda ndani ya folda,
kitunguu na machozi yake,
na huko chini kabisa jina nisiloliandika mimi:
Njia_07. Vipande hamsini na tisa,
kila kimoja gigabaiti nne,
na cha mwisho, nilipokitazama, kilikuwa kinakua.

"Kitufe chekundu," Beka akasema. Akaacha kutafuna.

Siku kumi na tisa.
Tangu jioni ile niliporekodi mluzi wa mbweha
nikaificha programu bila kuizima,
kipaza sauti kimesimama pale kando ya jiko
kikisikiliza,
hakibagui, hakichoki,
hakiulizi kama huu nao ni muziki.

Kufuta ni kubonyeza mara mbili. Nilibonyeza mara moja,
kisha nikavaa hedifoni.

Friji. Mvua kwenye bati la roshani.
Friji. Jirani Zhuzhuna akishuka ngazi na kikohozi chake.
Friji. Mawimbi kwenye skrini yamelala bapa
kama nyasi zilizokanyagwa,
halafu, saa tisa usiku, kimlima.

Ndara za mama.
Kiti kinavutwa. Kiberiti, mara tatu.
Anasema na jiko, nilidhani; kumbe
anamweleza baba bei ya unga wa mahindi,
anamweleza nimepunguza sigara, jambo ambalo si kweli,
anamweleza goti.
Nikaruka hadi usiku uliofuata. Saa tisa, kimlima.
Na uliofuata. Saa tisa.

Kila asubuhi namwuliza, "Umelalaje?"
naye hunijibu, "Kama gogo, mwanangu,"
akinisogezea chai.

Beka alikuwa bado kwenye simu. "Mjomba? Ni nini?"
"Friji," nikasema.

Nilivifuta vyote hamsini na tisa.
Nilifikiria kubakiza kimoja, kidole kikasita,
lakini maneno yale hakuniambia mimi.
Diski ikatapika gigabaiti mia mbili thelathini na sita,
nafasi tele ya kumrudishia mbweha radi yake.
Sikuirudisha siku ile.

Nilitega saa iniamshe saa tisa kasoro kumi.
Jiko likawaka kwa kiberiti kimoja.
Nikatoa vikombe viwili, nikaongeza cha tatu,
nikakirudisha kabatini, nikakitoa tena.
Ndara zikaja, zikasimama mlangoni.
"Hulali?"
"Kompyuta," nikasema. "Ilikuwa imejaa."
Akavuta kiti.