Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Mara ya nne sasa naianza sentensi ileile,
wanaume wanashuka mlima na nyundo mabegani,
na mara ya nne simu inatetemeka mezani
kama mende aliyepinduliwa.

Kundi la msiba: nani katoa mchango, nani bado.
Binamu yangu Kisumu, macho mekundu kwa moshi wa polisi.
Habari za hapahapa: mji wa pili, duka limechomwa.
Na msimamizi anauliza nani atashika zamu ya Jumamosi.

Naifudikiza. Burnley, saa nane na robo usiku.
Mashine ya kukaushia shuka inazungusha kifungo cha mtu,
ta, ta, ta.
Kitabu ni cha maktaba. Aliyekiazima kabla yangu
aliacha tiketi ya basi kwenye ukurasa wa themanini.
Sijui kilichomshinda.

Humo ndani ni Aprili, karibu miaka mia mbili nyuma.
Jonas Hargate ameuza saa ya babake,
ameuza kitanda cha kulalia,
kimebaki kitanda cha kufumia, nacho hakimlishi tena:
kule bondeni mashine ya mvuke inafuma kumi kwa moja.
Mkewe anachemsha majani yawashayo.
Askari wako njiani, na mimi nawajua kabla yake,
na siwezi kumwambia.

"Wamefika kiwandani?"

Nashtuka. Ni Bi Muriel, ameketi kitandani,
masikio yake yaliliwa zamani na mitambo,
miaka thelathini na mmoja ya kusikia kwa macho.
Nami nina ugonjwa wa utotoni:
nikisoma kimya, midomo inasema.

Kumbe tangu sura ya kwanza
nilikuwa na msikilizaji.

"Bado," namwambia. "Wako langoni."
"Wapumbavu," anasema. "Mashine zile ndizo zilizonilea."
Anavuta blanketi. Anafikiri.
"Lakini mwenye kiwanda, hata salamu hakuwa nayo.
Endelea. Na usile maneno."

Mende anatetemeka tena. Huenda ni mchango,
huenda ni binamu, huenda ni duka la pili.
Natazama kiganja changu kikienda,
kikasita,
kikarudi kushika ukurasa.

Naisogeza taa inimulike usoni.
Nafungua mdomo wazi, polepole, bila sauti:
Jonas anainua nyundo.
Bi Muriel, bila kujua,
anainua mkono kuzuia.