Saa Tatu, Zamu Yangu

Kwetu Punta Arenas ni saa tatu, kwake Concepción saa mbili:
nchi moja, ila sisi wa kusini tumetangulia.
Upepo unatikisa bati. Naiwasha kompyuta
aliyoniachia Lautaro, yenye herufi A iliyong'oka,
nangoja kile kiduara kizunguke, kizunguke, kichoke.

Mwanzo alinipa programu kali kama karani wa forodha.
Ukigusa kadi isiyo na haki ya kutoka, haitoki.
Usipolipia askari wako, inakuzomea kwa kengele.
Inachanga yenyewe, inahesabu majeraha yenyewe,
na muda ukiisha inakupokonya zamu
ungali unatafuta miwani.
Nilipigwa siku tisa mfululizo.
Nikamwambia: hii si karata, mwanangu,
hii ni kesi.

Akanitafutia nyingine, meza tupu ya kijani
isiyojua sheria hata moja.
Humo kadi ni picha tu: unaikokota kwa kipanya,
unaigeuza, unailaza ubavu ukishaichosha,
na unachosema ndicho kilichotokea.
Humo ndimo nilimomkamata akidanganya,
tena kwa faida yangu.
Joka la Mfereji lilikuwa mkononi mwake, najua,
nilikuwa nimehesabu zilizokwisha kutoka.
Akalificha. Akatoa Panya wa Ghala,
akaandika: Umeniweza, Bibi!

Mimi niliyeishi na mcheza kamari miaka arobaini na mmoja!
Anadhani siujui uso wa mtu aliyeshika turufu,
hata kama uso wenyewe haupo?

Basi nikasema: lete za karatasi.
Zake alikuwa nazo. Zangu zilikuwa kwenye kopo la biskuti,
zile alizonunua kwa hela za kufagia theluji ya majirani,
pembe zimelika, moja ina alama ya jino la mbwa.
Akanielekeza: simu ikae juu, itazame chini,
isione kitu ila meza.
Nikaifunga kwa mpira kwenye mpini wa ufagio,
ufagio nikaulaza juu ya migongo ya viti viwili.
Alicheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo hatuonani nyuso.
Naona mikono yake tu, mikubwa, ya baba yake.
Kucha kazila. Gumba lina plasta,
ileile, wiki ya pili sasa.
Kando ya kadi kuna kikombe kimoja, sahani moja,
na kijiko kimoja kilichokaukiwa na uji.
Hayo karani wa forodha hakuwahi kunihesabia.

Simwulizi. Nashambulia.
"Zuia," namwambia, "usinihurumie."
Anazuia. Ananiulia Mlinzi wangu wa Barafu
bila hata pole, nami nafurahi
kama mtu aliyerudishiwa deni.

Jana upepo ulikata mtandao katikati ya zamu yake.
Picha ikaganda: mkono hewani,
kadi imenipa mgongo.
Nilikaa nayo dakika kumi na saba.
Huenda ni joka. Huenda kalamba garasha.
Chai ikapoa. Sikugusa kitu mezani,
nisije nikaonekana mwizi.

Mtandao uliporudi mkono ulikuwa umeshuka,
kadi ingali kifudifudi.

— Bado upo, Bibi?
— Nipo. Na hiyo plasta ibadilishe.
Haya, funua.