Sikio Lenye Alama

Nimeshona miaka ishirini na sita pale Mwanga,
sare za shule, mashuka ya maharusi, sanda mara mbili.
Sijawahi kuombwa kushika taa
mtu mwingine akishona.

Ilikuwa Jumamosi, darasa la tano B,
madawati mawili yameunganishwa, turubai juu yake,
ubaoni bado hesabu za sehemu: moja ya nne, tatu ya nane.
Wingu la masika lilifunga ziwa lote, umeme ukakatika,
na Gwimo, daktari wa mifugo, akaita bila kuinua kichwa:
"Mama Nyamwiza, tochi. Hapa. Usitikisike."
Nami nilikuwa nimepeleka vitambaa tu.

Mezani kalala paka jike wa Kibirizi,
mwizi wa dagaa anayejulikana kwa jina,
Hamsini-Hamsini: uso nusu mweusi, nusu rangi ya chungwa.
Niliwahi kumrushia kandambili. Si mara moja.
Sasa ulimi wake ulining'inia pembeni kama utepe,
na tumbo lililonyolewa lilikuwa na ngozi
nyembamba kuliko hariri.

Gwimo akapasua upana wa tundu la kifungo.
Tundu la kifungo! Kipimo hicho nakijua.
Akatoa alichotoa, akarudi na sindano iliyopinda,
mshono wa ndani kwanza, kisha wa nje,
fundo, fundo, kata.
Nilitaka kumwambia uzi ameukaza mno upande wa kushoto.
Nikanyamaza.
Kwa paka wa tatu nikamwambia.
Akacheka; wa nne akamlegezea.

Halafu ncha ya sikio, chap, mkasi,
ili atakayemwona kesho ajue: huyu tayari.
Nasi mafundi hukata hivyo hivyo ukingoni mwa kitambaa,
pale kipande kitakapokutana na kingine.

Nje guta lilirudi na vijana wa kujitolea:
Bukuru kakwaruzwa hadi kiwiko, anajisifu,
Sekwa kakumbatia mbwa kama mtu anayebeba mgonjwa wake.
Bi Tausi wa Ujiji hagusi mbwa, udhu wake ni udhu,
lakini alileta maji, ndoo baada ya ndoo, kichwani mwenyewe.
"Kiumbe kikiwa na kiu ni kiu," alisema. Akaondoka.

Wapita njia waliegemea dirisha:
Watoto wa watu hawana panadoli, nyie mnatibu paka?
Jibu zuri sina. Nina asubuhi moja tu,
mwaka ule nyama ya sumu ilipotupwa usiku.
Barabara ya stesheni, mbwa kumi na saba,
niliwahesabu nikienda kununua vifungo,
na mmoja alikuwa bado anatikisa mkia.
Mwaka haukuisha, wakajaa tena,
wamekonda vile vile, wanazaa chini ya mabehewa.

Jioni tuliwalaza ukumbini juu ya mabaki yangu,
kila mmoja na kipande cha sherehe ya mtu.
Hamsini-Hamsini aliamka ndani ya gauni la bibi harusi,
akatapika,
akanitazama kwa chuki ile ile ya zamani.
Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi sana.

Thelathini na mmoja siku ile.
Hakuwamo yule jike wa manjano anayelala ng'ambo ya reli,
matiti yamelegea, mbavu zinahesabika.
Mtego anaujua. Gunia analijua. Watu anatujua.

Siku hizi nafunga duka mapema,
nakaa kwenye tuta, dagaa kiganjani.
Jana alikuja hatua tano.
Ya sita, akasita.
Sikuinua mkono, sikumwita, jina lenyewe hana.
Tulikaa hivyo, reli katikati yetu,
dagaa wakininukia kiganjani
mpaka taa za bandarini zikawaka.